Gharama ya Samaki Isiyoonekana Mnadani

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi ufukweni, manahodha, wachuuzi wa samaki na wanafunzi wa masomo ya bahari. Nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji, na salamu za mwanzo nimezifupisha.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu wachuuzi, manahodha, maofisa uvuvi, na nyinyi wanangu wanafunzi, ahsanteni kwa kuja. Najua wapo humu waliokesha majini na bado hawajalala. Nitajitahidi usingizi wenu usiwe umepotea bure.

Nimekuja kuzungumzia gharama ambayo dalali wa soko la samaki la Feri haiandiki kwenye daftari lake. Ziko fedha ambazo serikali za mbali hulipa ili meli zao ziende kuvua, na iko bahari inayozidi kupata joto mwaka hadi mwaka. Mambo haya mawili yanakutana, na matokeo yake yanamfikia mama anayekaanga vibua Magogoni na baba anayesubiri mgao wa chombo Kigamboni. Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili atakayelazimika kutoka aondoke nayo: ruzuku inayoongeza nguvu ya kuvua, mahali ambapo hakuna kikomo cha kuvua, humfukarisha mvuvi hata pale anapopewa yeye mwenyewe. Bahari ikipata joto, humfukarisha haraka zaidi.

Najua ni maneno magumu kwa mtu anayenunua petroli kila siku. Nipeni nafasi nieleze.

Mnajua chombo kikirudi hesabu inavyokwenda. Kabla ya mtu yeyote kushika chake, gharama zinatolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula, ushuru. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la chombo na mashine, fungu la nyavu, fungu la watu. Sasa tuchukue hesabu ya mfano. Safari moja imegharimu shilingi 300,000 na samaki wameuzwa 500,000. Zimebaki 200,000 za kugawana. Habari haifichiki pwani. Mwezi ujao kuna chombo kingine, mwaka ujao viko kumi, na anayekuja hana wa kumzuia. Samaki wanagawanyika. Kila chombo kinapata cha 450,000, kisha 400,000, mpaka kinafika pale ambapo samaki wanauzwa 300,000 na gharama ni 300,000. Hapo ndipo watu wanaacha kuongezeka, kwa sababu hakuna tena cha kufuata.

Mchumi wa Kanada aitwaye H. Scott Gordon aliandika jambo hili mwaka 1954, na hadi leo hakuna aliyelipangua. Uvuvi ulio wazi kwa kila mtu hula faida yake wenyewe mpaka iishe. Chukueni njia ya daladala inayolipa vizuri, ambayo kila mwenye fedha anaruhusiwa kuingiza gari lake. Baada ya muda mfupi magari yanapangana kituoni nusu tupu na kila dereva analalamika. Tofauti ni kwamba abiria hawapungui kwa kubebwa. Samaki wanapungua kwa kuvuliwa.

Sasa leteni ruzuku. Serikali imesema italipia sehemu ya mafuta, gharama ya safari imeshuka kutoka 300,000 hadi 200,000. Siku hiyo ni furaha, kwa sababu kila chombo kimepata 100,000 ya ziada. Lakini mlango bado uko wazi. Vyombo vinaongezeka tena, vinakwenda mbali zaidi, vinakaa majini muda mrefu zaidi, mpaka mauzo ya kila chombo yashuke kufikia 200,000. Mvuvi amerudi palepale pasipo na faida. Kilichobadilika ni kwamba samaki waliobaki majini ni wachache kuliko mwanzo, na hazina ya serikali imepungukiwa. Mtaniambia samaki wakiadimika bei hupanda. Ni kweli, na hiyo ndiyo inayovifanya vyombo viendelee kuwafuata hata wakibaki wachache.

Hesabu hiyo ya mfano, ikuzeni mpaka ienee dunia nzima.

Mwaka 2018, kwa makadirio ya watafiti wakiongozwa na Rashid Sumaila wa Chuo Kikuu cha British Columbia, serikali za dunia zilitoa ruzuku za uvuvi za dola bilioni 35.4. Kati ya hizo, dola bilioni 22.2 zilikuwa za aina inayoongeza nguvu ya kuvua, yaani mafuta, ujenzi wa meli, mashine mpya. Mafuta ndiyo yaliyochukua fungu kubwa kuliko aina nyingine yoyote. Watoaji wakubwa walikuwa China, Umoja wa Ulaya, Marekani, Korea Kusini na Japani, ambao kwa pamoja walitoa zaidi ya nusu. Na takriban asilimia 80 ya fedha zote zilikwenda kwa wavuvi wakubwa. Mwenye ngalawa na mwenye mtumbwi, ambao ndio wengi duniani, waligawana kilichobaki.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulipima meli zinazovua bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Uligundua kwamba bila ruzuku, zaidi ya nusu ya maeneo yanayovuliwa huko yangekuwa ya hasara. Maana yake ni nzito. Meli iko katikati ya bahari, safari hailipi, lakini haigeuki, kwa sababu mtu mwingine ameshalipa tofauti. Mtu huyo ni mlipakodi wa nchi yake, ambaye pengine hajui hata kwamba analipa.

Benki ya Dunia nayo ilipiga hesabu ya upande wa pili. Ilikadiria kwamba mwaka 2012 dunia ilipoteza dola bilioni 83 kwa sababu uvuvi wa baharini haukusimamiwa vizuri. Fedha hizo zingepatikana kwa kuvua kidogo zaidi, kutoka kwenye bahari yenye samaki wengi zaidi, kwa gharama ndogo zaidi. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 1974 asilimia 10 hivi ya makundi ya samaki yanayofuatiliwa duniani yalikuwa yamevuliwa kupita kiasi. Kufikia 2021 ilikuwa asilimia 37.7.

Wako waliofika mwisho wa njia hiyo. Newfoundland, pwani ya mashariki ya Kanada, walivua samaki aina ya kodi (cod) kwa karne tano. Julai 1992 serikali ikasimamisha uvuvi huo kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi kwa tangazo moja. Waliambiwa ni miaka miwili. Uvuvi wa kibiashara ulirejeshwa rasmi mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo alikuwa ameshatimiza miaka thelathini na zaidi.

Nataka nikae kidogo kwenye joto, kwa sababu huku ndiko mambo yanakokwenda kasi kuliko sheria zetu.

Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo binadamu tumelisababisha kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe, na inafyonza karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Chakula cha mimea midogo sana ya majini kiko chini, kwenye yale maji ya baridi. Kisipopanda, mimea hiyo inapungua, dagaa wanapungua, na anayekula dagaa anapungua. Maji ya joto pia hubeba hewa kidogo. Samaki hana namna: anahama, anashuka kina kirefu, au anadumaa.

Wazee wa Kigoma wameliona hili kabla yetu. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu Ziwa Tanganyika, wakaonyesha kwamba joto limepunguza mchanganyiko wa maji ya ziwa, uzalishaji wa chakula cha msingi umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwa makadirio yao samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Dagaa na migebuka mnaowala hapa mjini wanatoka humo. Na kwa upande wetu wa baharini, utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mimea hiyo midogo katika magharibi ya Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo yetu, imepungua kwa kiasi kinachofikia asilimia 20 katika miongo sita.

Matumbawe ndiyo nyumba ya changu, pono na tasi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la ghafla, matumbawe ya ukanda huu yalipauka na mengi yakafa, Mafia ikiwemo. Yakapauka tena 2016. Kati ya 2023 na 2024 yakapauka karibu duniani kote. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na ikifika nyuzi 2 yatabaki chini ya asilimia 1. Dada zetu wa Zanzibar wanaolima mwani wamekwishaona aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikikataa kuota kwenye maji ya kina kifupi ambako wanawake wanaweza kufika kwa miguu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Vyombo vilifungwa. Mvuvi aliyefungwa na upepo hana bima wala mshahara, siku hiyo haipo kwenye hesabu ya mtu yeyote isipokuwa ya mke wake.

Sasa unganisheni mambo haya mawili. Samaki wakihama mbali, au wakishuka kina kirefu, safari inakuwa ghali. Gharama hiyo inauma, lakini ina kazi yake: ndiyo kitu pekee kinachomwambia mwenye chombo kwamba hapa pamechoka, rudi, waache. Ruzuku ya mafuta inaiondoa sauti hiyo. Inamruhusu mwenye meli kubwa kumfuata samaki wa mwisho huko alikokimbilia joto. Tena mafuta yenyewe ndiyo yanayoongeza joto. Utafiti mmoja ulikadiria kwamba meli za uvuvi duniani zilitoa tani milioni 179 za gesi za kupasha joto dunia mwaka 2011 peke yake. Kwa hiyo serikali inalipa fedha ichome bahari, kisha inalipa fedha nyingine ili meli zifuate samaki waliokimbia moto huo. Sikuwahi kuona matumizi ya fedha za umma yanayonisikitisha kuliko haya.

Samaki wakihama, ugomvi nao unahama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 samaki wa jamii ya vibua walisogea kaskazini hadi kwenye maji ya Iceland na Visiwa vya Faroe. Nchi hizo zikajipangia viwango vyao, Umoja wa Ulaya na Norwei wakasema hao ni samaki wetu, na majirani hao matajiri, wenye wanasayansi na mikataba, wakavutana miaka mingi huku samaki wakivuliwa kuliko ushauri wa wataalamu. Kama wao walishindwa kukubaliana, sisi tunaopakana na Kenya, Msumbiji, Komoro na Shelisheli tunatakiwa kujipanga kabla samaki hawajasogea zaidi.

Jodari hasa. Nchi yetu ina ukanda wake wa kiuchumi baharini wa takriban kilomita za mraba 223,000, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao yake Fumba, Zanzibar. Wengi wenu mnaikumbuka meli ya kigeni ya Tawariq 1 iliyokamatwa ikivua kwetu Machi 2009, na wale waliokuja kuitwa samaki wa Magufuli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa waziri. Meli ile ilituonyesha kwamba kuna utajiri unaopita mbele ya macho yetu. Swali la wakati ule lilikuwa jinsi ya kumkamata mwizi. Swali la leo ni jinsi ya kumtoza anayekuja na leseni.

Tulijaribu. Serikali iliweka mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu. Nia ilikuwa njema kabisa. Meli zikaacha kuomba leseni kwetu zikaenda kwa majirani, kwa sababu jodari hana pasipoti, anayevuliwa kwetu leo kesho yuko kwa jirani. Mrabaha ukaja kuondolewa. Wapo waliosema somo lake ni kwamba tusitoze. Mimi naona somo lake ni kwamba tusitoze peke yetu.

Tazameni Bahari ya Pasifiki. Nchi nane ndogo, nyingine zina watu wachache kuliko kata moja ya Temeke, Kiribati, Nauru, Palau, Tuvalu, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Visiwa vya Solomon na Papua New Guinea, zilikubaliana kuuza siku za kuvua badala ya kuuza leseni kila mmoja kivyake. Idadi ya siku ina kikomo, na bei ya chini ya siku moja imewekwa, dola 8,000. Asiyelipa hapa halipi kidogo pale, kwa sababu pale bei ni ileile. Mwaka 2010 mapato yao yalikuwa dola milioni 60 hivi. Baada ya miaka michache yalikaribia dola milioni 500 kwa mwaka. Wameongeza mapato huku wakiweka kikomo. Na hata wao joto linawatisha, kwa sababu makadirio yanaonyesha jodari watasogea mashariki na kutoka kwenye maji yao.

Kwetu, chombo tunachokutania ni Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC. Mwaka 2015 wanasayansi wake walitangaza kwamba jodari wa mapezi ya njano wamevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 ilileta nafuu, ikasema hali yao si mbaya kama ilivyodhaniwa, na nashukuru. Lakini kumbukeni kilichotokea Mombasa, Februari 2023. Nchi wanachama zilipiga kura kufunga kwa siku 72 kila mwaka matumizi ya vyelea vinavyoachwa kuelea ili kukusanya samaki, maana vyelea hivyo huvuta jodari wachanga wengi. Azimio likapita. Umoja wa Ulaya, wenye meli kubwa zinazovitegemea, ukawasilisha pingamizi, na kwa kanuni za tume hiyo anayepinga hafungwi na azimio. Nchi nyingine nazo zikapinga. Nchi zetu za pwani zilikuwa na haki na hazikuwa na nguvu.

Ndiyo maana nafuatilia mazungumzo ya Geneva kwa karibu kuliko mpira. Shirika la Biashara la Dunia lilianza kujadili ruzuku za uvuvi mwaka 2001. Mkataba ulipitishwa Juni 2022, ukaanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025 baada ya theluthi mbili ya wanachama kuuridhia. Unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu, kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, na kwa uvuvi wa bahari kuu usio na msimamizi. Ni hatua kubwa. Ila ile sehemu niliyoizungumzia muda wote huu, ruzuku inayoongeza idadi na nguvu ya meli, iliachwa kwa awamu ya pili, na mkutano wa Abu Dhabi wa mwaka 2024 ulivunjika bila kuafikiana. Nchi kubwa zinazovua mbali zilitaka nafasi ya kuendelea. India ilitaka nchi zinazoendelea zipewe miaka 25. Na mkataba una sharti: awamu ya pili isipokamilika ndani ya miaka minne tangu uanze kutumika, mkataba wenyewe unakoma, labda wanachama waamue vinginevyo. Hiyo ni Septemba 2029.

Nije nyumbani. Serikali yetu inakopesha boti za kisasa kwa masharti nafuu, imefufua TAFICO, shirika la uvuvi la taifa, na imewekeza kwenye bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Sipingi. Boti inayohimili kusi, yenye redio, maboya ya kuokolea na sanduku la barafu, inaokoa maisha, na wajane wa wavuvi wanalijua hilo kuliko mimi. Ninachouliza ni hiki: kila boti mpya inapokabidhiwa, ni ipi inayoondoka majini? Kama jibu ni hakuna, tumeongeza wanaogawana samaki walewale. Mkopo wa mashine uende pamoja na kikomo cha vyombo kwa kila eneo, na kikomo hicho kiwekwe na BMU wakishirikiana na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wenye takwimu.

Shilingi iliyobaki iende pwani. Barafu. Vichanja vya kukaushia dagaa visivyolowa masika. Chumba cha baridi kinachofanya kazi, cha kumwezesha mama kuuza kesho asilazimike kutupa bei jioni. Kilo ambayo haikuoza ni kilo ambayo haikuhitaji kuvuliwa, na haikuchoma petroli hata tone.

Na mapumziko ya bahari yanafanya kazi, tumeyajaribu wenyewe. Mwaka 2008 nchi ilisimamisha meli za kukokota kambamiti baada ya kambamiti kupungua vibaya, ikabidi wapewe miaka. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu. Vijiji vya Mafia, Kilwa, Songosongo na Pemba vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi michache kisha kuifungua kwa siku maalumu. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo anayesubiri anaona faida yake mapema, na sheria yetu tayari inakataza kuuza pweza wa chini ya nusu kilo. Hapa Dar, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Vingelindwa kwa vitendo siku zote, bila baruti, leo Kunduchi na Msasani pangekuwa na hadithi nyingine.

Baada ya hotuba kulikuwa na maswali mengi. Mawili nayaweka hapa.

Nahodha mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, wenzetu wanapewa na serikali zao. Sisi tukikataa kupewa, si tutakuwa tumewaachia bahari?" Nilimjibu kwamba ana haki ya kukasirika. Lakini samaki wa miamba wanaovuliwa na boti yake hawashindaniwi na meli ya Ulaya au ya Asia, wanashindaniwa na jirani yake wa Kunduchi au Mbweni. Ruzuku ya mafuta ikija, itakuwa ni yeye na jirani yake kumaliziana. Kwa jodari wa mbali, ambako ndiko mshindani mkubwa aliko, lita chache za petroli hazitamfikisha. Kitakachomsaidia huko ni wajumbe wetu wa IOTC na wa Geneva kubana, na nchi za ukanda huu kuuza siku za kuvua kwa bei moja. Aliuliza kama kweli wajumbe hao wanawasikiliza wavuvi. Nikamwambia andikeni, BMU zote za Dar kwa barua moja, mdai muitwe kabla ya kila mkutano. Nitasaidia kuiandika.

Kisha mama mmoja mchuuzi, ambaye alikuwa ameshika ndoo yake muda wote, akauliza: "Baba, hiyo miezi ya kufunga mimi nitakula nini?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Nilimwambia kwamba atakayefunga bahari bila kumjibu yeye hatafanikiwa, kwa sababu njaa itaifungua usiku. Nilimwambia napendekeza mambo matatu yaingie kwenye bajeti pamoja na tangazo lolote la kufunga: posho ya miezi ya mapumziko, itakayolipwa kwa majina yaliyoko kwenye daftari la BMU, na wachuuzi waandikwe humo pamoja na wavuvi, maana kwa sasa wengi hawamo, mkopo mdogo usio na riba unaoanza kulipwa bahari ikifunguliwa, na kufunga kwa zamu, mwamba huu leo, ule mwezi ujao, ili soko lisikauke lote kwa pamoja. Akaniuliza majina ya wachuuzi yanaandikishwa wapi. Mwenyekiti wa BMU yake alikuwa mstari wa pili. Nikamwomba asimame, na wakapanga kuanza kuandikishana Jumatatu, asubuhi, baada ya mnada.